Shamba la Ndege: Kununua Msitu Usikatwe, Nyuma ya Malindi

Jiwe la mpaka halina la kutazamwa. Ni kipande cha saruji chenye chuma katikati, hakifiki goti, na hili nililoonyeshwa nyuma ya Marafa lilikuwa limezama nusu kwenye mchanga mwekundu. Upande huu wa jiwe palikuwa na mananasi, mistari minne mitano iliyochoka, majani yameanza kugeuka njano. Upande wa pili ilisimama miti ya mirihi, matawi yametandazwa juu kama mwavuli, chini yake majani makavu na kimya. Ua hakuna, waya hakuna. Ni jiwe tu.

Mzee aliyenipeleka, ambaye shamba lile la mananasi ni la nduguye, nilimwuliza upande wa pili unalimwa nini.

"Haulimwi, mwanangu. Umenunuliwa."

"Ufanywe nini?"

"Ukae." Akacheka mpaka akakohoa. "Hilo ni shamba la ndege. Wenyewe wanamlipa mtu mshahara alinde miti isitoroke."

Kicheko hicho nimekisikia Gongoni, nimekisikia Gede, na Malindi mjini nimekisikia kwa watu waliosoma. Chanzo chake ni kimoja. Huku kwetu ardhi hujulikana ina mwenyewe pale inapofyekwa: ukiona mkorosho, mnazi au kibanda, unajua pana mtu. Pori ni la Mungu au la serikali, na kwa mkulima majina yote mawili maana yake halina wa kukufukuza. Sasa mtu akitoa pesa zake, akapata hatimiliki, kisha akaliacha pori lilivyo, basi ama ana wazimu ama ana siri. Ndiyo maana kila msitu ukinunuliwa hukosi kusikia kwamba chini yake kuna madini.

Siri ipo, na imekaa kwenye sheria za ardhi, kwenye tabia za ndege mmoja mdogo, na kwenye historia ya pwani ambayo wengi wetu tungependa isitajwe. Nitajaribu kuifungua kidogo kidogo, maana neno "hifadhi binafsi" limekuwa kama gunia: kila mtu anatia lake.

Msitu uliosahauliwa na gazeti la serikali

Tuanze na ule unaojulikana. Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, ni msitu wa karibu kilomita za mraba 420, na ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali tangu enzi ya Mwingereza. Una askari wa misitu na askari wa wanyamapori, na ukikamatwa ndani yake na msumeno, kesi yako haina maswali mengi.

Dakatcha iko kaskazini, ng'ambo ya mto Sabaki, bara ya Gongoni na Marafa. Viumbe wake wengi ni walewale: sange mwenye kiuno cha dhahabu anayekimbia majanini kama panya aliyevaa sketi ya harusi, bundi mdogo wa Sokoke asiyezidi shubiri kwa kimo, mirihi, mbambakofi, na muhugu ambao wachongaji wa vinyago wanaujua hata gizani kwa harufu. Tofauti iko kwenye karatasi. Dakatcha haikutangazwa kuwa msitu wa serikali. Kwa miaka mingi ilikuwa ardhi ya amana: wenyeji waliishi, walilima na kuzika wazee wao humo, lakini aliyeandikwa kuishika kwa niaba yao ilikuwa halmashauri.

Hatari ya mpango huo ilijitokeza mwishoni mwa miaka ya 2000, kampuni moja ilipotaka hekta 50,000 ipande mbono kaburi, mti ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta ya mitambo. Weka hesabu hiyo mahali pake: Arabuko-Sokoke yote ni kama hekta 42,000. Yaani ulikuwa unafyekwa msitu mkubwa kuliko ule tunaowaonyesha watalii. Wenyeji wakagawanyika. Wengine walitaka kazi, na sitawalaumu. Wengine wakauliza makaburi yatahamishiwa wapi. Mvutano ukafika kwa mamlaka ya mazingira, na mwisho wake mpango ukakwama. Lakini watu walikuwa wameona jinsi msitu usio na jina la mtu unavyoweza kwenda kwa saini za watu wachache ofisini.

Tangu hapo mambo yamekuwa yakibadilika chini kwa chini. Ardhi inapimwa, vipande vinapewa namba, na kila kipande kikipata namba kinapata mwenyewe, na mwenyewe ana ruhusa ya kuuza. Mkata makaa anaweza kununua, mpanda mananasi anaweza kununua. Na mpenda ndege naye anaweza. A Rocha Kenya, shirika la Kikristo la mazingira lenye kituo chake Watamu, limekuwa likinunua vipande vya msitu wa Dakatcha kutoka kwa wenyewe wanaotaka kuuza, na kuviacha visimame. Nature Kenya, shirika jingine la uhifadhi, nao wamefanya kazi kwa miaka na vikundi vya wenyeji hukohuko. Hiyo ndiyo hifadhi binafsi katika sura yake ya wazi kabisa: unanunua ili usifanye kitu.

Ndege aliyewachezesha watu miaka 100

Mwaka 1913, mwaka uleule Mekatilili wa Menza alipokuwa akiwalisha Wagiriama kiapo wasimtii Mwingereza, kuna mnana mmoja aliyeandikwa kwa mara ya kwanza katika vitabu vya sayansi. Dume lake lina kichwa cheusi na tumbo la manjano. Tunamwita mnana wa Kilifi, na jina hilo halikutiwa chumvi: hajulikani kuishi mahali pengine popote duniani nje ya kaunti hii.

Watu walimwona Arabuko-Sokoke akipita kwa makundi juu ya vilele vya mirihi, akidonoa wadudu. Kisha anatoweka. Miezi inapita, anarudi na makinda yanayoruka. Ametagia wapi? Mnana, kama tunavyomjua, si ndege wa kuficha nyumba. Viota vyake huning'inia mnazini vikipiga kelele mchana kutwa. Huyu wa Kilifi alificha. Kiota chake cha kwanza kilikuja kuonekana mwaka 2013, kwenye kinamasi cha msimu huko Dakatcha, kati ya manyasi yaliyosimama ndani ya maji baada ya mvua.

Nimekaa kwenye habari hii kwa sababu ndani yake mna fundisho lote la nini kinunuliwe. Ndege huyu anahitaji mahali pawili. Sehemu kubwa ya mwaka anataka mirihi mikubwa. Wiki chache, mvua ikiwa nzuri, anataka dimbwi lenye manyasi. Vinamasi hivyo havijai kila mwaka, na kinachojaa leo mwakani huenda kikawa kikavu, kwa hiyo hata dimbwi moja halimtoshi. Ukinunua msitu ukaacha kinamasi, umempa shamba ukamnyima nyumba. Na kinamasi ndicho kila mkulima anachokitaka. Udongo wake mweusi unashika maji wakati kwingine pamekauka, mahindi yanatoka vizuri, ng'ombe wanapata pa kunywa. Hakuna mjinga anayelima mchanga mwekundu huku amekiangalia kinamasi.

Kwa hiyo ukimsikia mtu akijisifu kwamba shirika lake limeokoa ekari kadhaa, muulize ekari zipi. Ekari 20 zinazozunguka dimbwi lenye viota zinaweza kuwa na faida kuliko 500 za vichaka vilivyokwisha kukatwa. Ubaya ni kwamba wafadhili wa ng'ambo hupenda tarakimu kubwa, na vichaka vilivyokatwa ndivyo rahisi.

Hatimiliki si kitu kimoja

Watu husema "wamenunua" kana kwamba kununua ni jambo moja. Sivyo. Kinacholinda msitu kesho kutwa ni jina lililoandikwa kwenye hatimiliki, na masharti yaliyoandikwa chini ya jina hilo.

Likiwa jina la mtu, msitu una umri wa mtu huyo. Mjomba wangu aliacha kipande cha pori nyuma ya mikorosho yake ambacho alikataa kukikata maisha yake yote, akisema kuna nyuki wake. Tulimzika Jumamosi. Kabla ya mwaka kwisha pori limegawanywa mara 7, kila mrithi na kamba yake, na nyuki sijui walielekea wapi. Hakuna aliyefanya kosa. Mjomba hakuandika kitu.

Likiwa jina la kampuni, msitu haufi na mtu, lakini wakurugenzi wanaweza kukaa mezani asubuhi moja wakauuza, au benki ikaudai. Likiwa jina la wadhamini waliosajiliwa, hapo ndipo pana kufuli. Sheria ya Kenya inawaruhusu wadhamini kuwa chombo kisichokufa: mdhamini mmoja akifariki anaingia mwingine, na ardhi haiingii kwenye mirathi ya mtu. Hati ya amana inaeleza ardhi ni ya kazi gani, na wadhamini wakiitumia kinyume wanaweza kupelekwa mahakamani. Hata hivyo, kufuli hilo lina ufunguo, na ufunguo wanao wadhamini wenyewe. Mwenye kuuza msitu wake kwa moyo wa kuutunza afadhali aisome hati hiyo kuliko kuangalia nembo yenye picha ya ndege.

Mgeni je? Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 kimeliweka wazi: asiye raia hapati zaidi ya ukodishaji wa miaka 99. Kampuni huhesabiwa kuwa ya raia pale tu inapomilikiwa na raia mia kwa mia, na amana huhesabiwa hivyo pale tu wote wanaonufaika nayo wakiwa raia. Kwa hiyo ile hadithi ya Mzungu kununua msitu milele haiwezi kusimama kisheria, ingawa miaka 99 kwa mtu anayesubiri pa kulima ni milele tosha.

Kuna njia nyingine ambayo huku kwetu karibu hakuna anayeitaja, nami naiona ni nzuri kuliko umaarufu wake. Kila mkulima anaijua haki ya njia: shamba ni langu, lakini jirani ana haki ya kupita, na hata nikiuza, mnunuzi ananunua pamoja na njia ile. Sheria ya mazingira ya 1999 imechukua wazo hilohilo ikaliweka juu ya miti na maji. Mahakama inaweza kuweka haki ya mazingira juu ya ardhi ya mtu, kwamba kwa mfano kinamasi hiki kisikaushwe au miti hii isikatwe, kwa miaka kadhaa au daima, na ardhi inabaki ya mwenyewe. Mwenye ardhi anaweza kudai fidia kwa alichozuiwa. Haki hiyo husajiliwa kwenye ardhi, ikamfuata kila atakayenunua. Kwa familia inayotaka kubaki na shamba lake, kuendelea kulima sehemu ya juu na kupata chochote kwa kuliacha dimbwi, hii ingekuwa bora kuliko kuuza moja kwa moja. Tatizo ni kwamba inahitaji mahakama na mawakili. Kuuza kunahitaji dalali tu.

Nimesema dalali tu, lakini hata mauzo yana mlolongo. Ardhi ya kilimo haiuzwi halali bila kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na maombi yanatakiwa yafikishwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba, la sivyo mauzo ni batili. Mke akikataa, kwa nyumba au shamba la familia, hapauzwi. Nimewaona wazee wakitoka kwenye kikao cha bodi wamekasirika kwa sababu mabinti waliitwa wakaulizwa kama wanajua baba anauza. Mimi nadhani swali hilo limeokoa misitu mingi kuliko mabango yote ya barabarani.

Yako pia makubaliano ya hifadhi za jamii. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inamruhusu mtu au jamii yenye ardhi kuanzisha hifadhi juu ya ardhi hiyo, na Lamu zipo za namna hiyo, kama Awer kwa Waboni na Hanshak-Nyongoro. Huko ardhi haiuzwi; wenyeji wanakubaliana sehemu ipi isilimwe na wanapata walinzi kutoka kwao. Zikifanyika vizuri ni nzuri. Lakini kwenye ardhi ya jamii makubaliano ya kumpa mwekezaji matumizi ya ardhi yanataka theluthi mbili ya watu wazima waliohudhuria mkutano wa jamii, na kikao cha wazee watano chini ya mwembe pamoja na karatasi ya posho hakihesabiki kuwa mkutano wa jamii.

Na wanyama wenyewe? Hao huwezi kuwanunua kwa njia yoyote. Kwa sheria ya Kenya mnyamapori ni wa taifa hata akizaliwa chini ya kitanda chako, na uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977. Mwenye shamba la ndege ana miti na mchanga; ndege ni wa sote.

Miaka 12 ya kulala

Sasa tazama shida ambayo mzee wangu aliyecheka hakuijua, au labda aliijua vizuri sana. Sheria yetu ya muda wa kudai inasema mtu akikaa kwenye ardhi binafsi ya mwingine waziwazi, bila ruhusa na bila kusumbuliwa, kwa miaka 12, anaweza kwenda mahakamani akaomba aandikwe yeye. Sheria hiyo ina sababu zake za haki, hasa pwani. Kwa mwenye kununua pori ili likae, ni mtego. Shamba lenye mahindi linajieleza. Pori linajieleza kwamba mwenyewe hayupo.

Ndiyo maana ule mshahara wa kulinda miti isitoroke. Mlinzi anapita mpaka kwa mpaka, anaangalia kama jiwe halijahama (mawe ya mpaka huhama usiku, hilo kila mtu wa huku analijua), anaandika ameona nini, na akikuta mtu amefyeka anamsimamisha mapema, kabla ya kibanda, kabla ya mtoto wa kwanza kuzaliwa hapo. Kumwondoa mtu mwenye panga ni mazungumzo. Kumwondoa mtu mwenye kaburi ni vita. Na mlinzi akiwa mtoto wa kijiji hicho, mazungumzo hufanyika kwa lugha ya nyumbani, mara nyingi kwa shangazi wa pande zote mbili.

Hapo ndipo gharama ya kweli ilipo. Bei ya ardhi hulipwa mara moja na hupigwa picha. Mshahara wa mlinzi ni kila mwezi, miaka yote, na hakuna mfadhili anayekuja kukata utepe wa mshahara.

Nimeonyeshwa tanuu la makaa lililoachwa, hatua chache tu ndani ya mpaka. Magogo hupangwa, yakafunikwa majani, juu yake mchanga, moto ukatiwa kwa tundu moja. Yanaungua siku kadhaa kwa moshi mwembamba wa bluu ambao mlinzi mwenye pua nzuri huukuta kabla ya kuuona. Likishafukuliwa hubaki duara jeusi. Hilo nililoliona lilikuwa na umri wa mwaka na zaidi, na bado hapakuwa na unyasi ulioota katikati. Pembezoni palikuwa na kisiki cha mrihi, kipana nikakikalia, na kwa hesabu ya mzee kilitoa magunia ambayo bodaboda wawili wangeyamaliza kwa safari moja.

Ukisimama daraja la Sabaki alfajiri utawaona, pikipiki zimezidiwa hata taa haionekani. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji kwenye misitu ya umma na ya jamii. Majiko ya Malindi hayakusimama. Basi anayezuiwa kwenye msitu wa ndege huhamia kipande cha jirani, akamlipa mwenyewe kidogo, akachoma huko. Ramani ya hifadhi inaonyesha kijani kinaongezeka, na jirani yake panageuka mchanga. Msitu ulionunuliwa ukazungukwa hivyo ni kisiwa, na mnana wa Kilifi hawezi kuishi kwenye kisiwa kimoja.

Kwa hiyo walio makini hutumia nusu ya akili zao nje ya mpaka. Mfano wa zamani uko Gede: mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, wakati wakazi wengi wa kando ya Arabuko-Sokoke walikuwa wakitaka msitu ukatwe wagawiwe mashamba. Wakulima hufuga vipepeo, mabuu yakigeuka vifukofuko huvipeleka Gede, navyo husafirishwa kwenda kwenye nyumba za maonyesho ng'ambo. Mti wa kulishia viwavi unatoka msituni. Ukiukata, umekata mshahara wako. A Rocha nao kwa miaka wamekuwa wakisaidia karo za sekondari kwa watoto wa kandokando ya msitu. Hakuna kati ya hayo kinachomfanya mtu tajiri. Mama mmoja wa Gede aliniambia vipepeo vimemlipia sare za shule, basi, na kwamba sare ni kitu kikubwa Januari.

Siku hizi kuna wanaokuja na hesabu ya hewa ukaa: miti iliyosimama huishika hewa hiyo, na wako wanaolipia isikatwe. Sheria iliyorekebishwa 2023 inadai miradi ya namna hiyo kwenye ardhi ya umma na ya jamii iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka, gharama zikishatolewa. Mtu akikutajia 40 bila kukutajia gharama, kaa chini umuulize tena.

Kwa nini watu hawaamini

Wageni hushangaa kwa nini mtu mwenye nia njema anayenunua pori hupokewa kwa mashaka. Mtu wa Malindi hashangai. Mwaka 1908 Mwingereza alitunga sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa pwani wa maili 10 uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar. Mwenye madai binafsi alitakiwa ajitokeze, aandikishe, apate hati. Waliojua ofisi na lugha ya ofisi walipata. Wamijikenda, wenyeji wa pwani hii wakiwemo Wagiriama, ambao ardhi kwao ilikuwa ya ukoo na haikuwa na hati, wengi walibaki nje ya daftari. Asubuhi wakaamka ni maskwota kwenye mashamba ya babu zao, na mpaka leo wako wanaomlipa kodi mwenye shamba wasiyemjua kwa sura.

Halafu kuna hii: wenyeji walikuwa na hifadhi yao kabla ya neno hilo kuzaliwa. Kaya zilikuwa misitu ambamo haikukatwa hata fimbo bila ruhusa ya wazee. Mwingereza alilipua Kaya Fungo kwa baruti mwaka 1914 kumkomoa Mekatilili na Wagiriama. Kaya kadhaa za Mijikenda ziliingizwa kwenye urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2008. Mtu ambaye babu yake alilipuliwa msitu, kisha akaitwa skwota, leo anaambiwa na mgeni kwamba misitu ni muhimu. Lazima acheke kidogo.

Maoni yangu, na nimebishana nayo na rafiki zangu wa ndege: kununua ni halali na mahali pengine ni lazima, maana shoka haisubiri semina. Lakini usimnunulie mtu kipande chake cha mwisho. Mjane mwenye ekari 5 anayeuza Januari kwa karo, Juni atakuwa anatafuta pa kulima, na atalima kwenye kinamasi. Mnunuzi atakuwa ameokoa miti ya upande mmoja na kutuma jembe upande wa pili. Wako wanaouliza kwanza "umebakiwa na wapi?" Hao hununua polepole, na ripoti zao hazina tarakimu za kutisha.

Turudi kwenye jiwe. Nduguye mzee, yule wa mananasi, alikuja akatukuta tumekaa. Shamba lake limekaa katikati: nyuma yake msitu ulionunuliwa, mbele yake, mteremko mdogo, dimbwi ambalo mwaka wa mvua hujaa manyasi na kelele za ndege. Mananasi yamekwisha kuuchosha udongo, na ana ekari nyingine karibu na Marafa. Wanunuzi wawili wamemfikia. Mmoja anataka miti iliyobaki pembeni na amesema atalipa taslimu. Wa pili ni watu wa ndege, bei yao ni nzuri kidogo, lakini wanataka kwanza bodi, mke, watoto, mpimaji.

Alitoa karatasi ya mkataba wa watu wa ndege mfukoni, imekunjwa mara nne, akaniomba nimsomee. Nikamsomea yote, kurasa tatu. Akasikiliza kimya, kisha akauliza mambo mawili. Kuni kavu zilizoanguka zenyewe, mkewe ataendelea kuokota? Na lile kaburi la baba yake, lililo chini ya mbambakofi hatua 30 kutoka dimbwini, atapita kwa njia ipi?

Nikarudia kurasa zote tatu. Kuni hazikutajwa. Kaburi halikutajwa. Akaikunja karatasi tena mara nne, akaomba kalamu yangu.